Sampuli moja, filta tatu, hesabu tatu: DAPI inagoma wapi?

Tone_la_Ziwa: Habari wakuu. Ndiyo naingia kwenye utafiti wa ikolojia ya bakteria wa majini, naanzia kuhesabu seli za maji ya ziwa kwa DAPI (rangi inayoshika DNA ya seli ikang'aa bluu kwenye hadubini). Sampuli ileile imenipa milioni 1.1, milioni 2.4 na laki 7 kwa mililita. Nachuja mililita 1 kwenye filta nyeusi ya polikaboneti, matundu ya mikromita 0.2, kipenyo milimita 25. Upande mmoja seli zimerundikana, mwingine karibu mtupu. Maji hayohayo kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yanaotesha makoloni elfu chache tu. Tatizo ni nini? Na kuna haja gani ya kuhesabu siku hizi wakati kila mtu anasoma DNA?

Filta_Nyeusi: Seli kurundikana upande mmoja ni kosa la uchujaji, hadubini usiiguse kwanza. Mililita 1 ni kidogo, haitandi sawasawa juu ya filta. Weka angalau 2. Kama maji yana seli nyingi mno, yazimue kwa maji yaliyochujwa kwa 0.2, usipunguze ujazo.

Chini ya filta nyeusi tanguliza filta ya selulosi ya 0.45 iliyoloweshwa. Ndiyo inayosambaza mvuto wa pampu, na povu la hewa likibaki kati ya hizo mbili, hapo juu yake hapapiti maji. Upande unaong'aa uangalie juu. Mvuto usizidi milimita 150 za zebaki, maana seli laini hupasuka au hupenya.

Formalini (dawa ya kuhifadhi seli): mililita 1 ya 37% kwa mililita 17.5 za sampuli, upate 2%. Nayo ichuje kwanza! DAPI ya miligramu 1 kwa mililita, weka mikrolita 2 kwa kila mililita ya sampuli, dakika 10 gizani, kisha vuta. Kila siku ya kazi tengeneza filta moja ya maji matupu yenye formalini na rangi. Ikikuonyesha seli, chupa mojawapo imeingiwa na bakteria.

Mraba100: Nyongeza upande wa hesabu. Eneo unalozidishia ni lile maji yalipopita, yaani kipenyo cha ndani cha faneli. Faneli ya milimita 17 inatoa milimita za mraba 227. Ukitumia 25 ya filta nzima unapata 491, na jibu lako limezidi mara mbili na ushee bila wewe kujua.

Mfano: mraba wa gridi ya hadubini ni mikromita 100 kwa 100, basi filta ina miraba 22,700. Wastani wa seli 30 kwa mraba, ukichuja mililita 2, ni 340,500 kwa mililita. Zidisha kwa 1.057 kufidia formalini.

Seli 400 zinakupa kosa la bahati nasibu la kama 5%, lakini tofauti kati ya filta na filta huwa kubwa kuliko hiyo. Heri filta tatu kwa miraba 10 kuliko filta moja kwa miraba 60. Chagua miraba bila kuchungulia, na usikae sana sehemu moja kwa sababu rangi hufifia. Takataka hung'aa njanonjano, seli ni bluu.

Agari_Haitoshi: Agari kutoa chini ya 1% ni kawaida kabisa, watafiti Staley na Konopka waliliandikia jambo hilo mwaka 1985. Wengi wa bakteria wa maji huru wamezoea chakula kidogo mno. SAR11, kundi la bakteria wa baharini, pamoja na wingi wao, walioteshwa mwaka 2002 tu, tena kwa kuzimuliwa kwenye maji ya bahari yenye virutubisho hafifu.

Kuhusu DNA: mfuatano wa jeni ya 16S (inayotambulisha makundi ya bakteria) unakupa asilimia ya kila kundi, si idadi ya seli. Tuseme kundi fulani limepanda kutoka 20% hadi 40%. Kama jumla ilikuwa milioni 2 ikashuka hadi milioni 1, kundi lako lilikuwa seli 400,000 na bado ni 400,000. Wengine ndio waliokufa au kuliwa. Bila hesabu ya hadubini utaandika tasnifu nzima juu ya ukuaji ambao haukutokea, na hakuna programu ya kompyuta itakayokustua.

Tone_la_Ziwa: Asanteni sana. Sampuli yenye formalini inakaa muda gani?

Filta_Nyeusi: Seli hupungua hata kwenye friji ya nyuzi 4, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Chuja siku hiyohiyo au kesho yake, weka filta kwenye slaidi, zigandishe kwa nyuzi -20 gizani. Hapo hesabu inaweza kusubiri.