Msaada: mba, kichwa cha mafuta, na shampuu ya dawa inaniunguza

Kucha Fupi:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimefika mwisho. Kichwa changu kina mafuta balaa, nikiosha asubuhi jioni ukipitisha kidole unadhani nimepaka kitu, na mba ndo usiseme, sio ile ya unga unga ukipuliza inaruka, hapana, hii ni vigamba vya manjano vinanata, nikijikuna vinajaa kwenye kucha. Pembeni ya pua na kwenye nyusi napo pananibanduka. Nguo nyeusi nishaacha kuvaa kitambo.

Sasa juzi kati nikanunua shampuu ya mba nikawa naipiga kila siku nikijua ndo nitaimaliza haraka. Siku ya kwanza raha tupu, kichwa chepesi. Siku ya nne kinawaka moto, nyuma ya masikio panachonyota hadi kulala ubavu siwezi. Nikaacha, nikapaka mafuta ya mimea kutuliza, wiki haijaisha mba imerudi na ukoo wake wote. Hivi niendelee nayo au nitupe?

Mzee wa Kazi:
Kijana unahangaika bure, chukua sabuni ya kipande ya kufulia, sugua mpaka kichwa kilie. Mafuta yote yanakata.

Dada Kitana:
Mzee wangu shikamoo, ila hapo utammaliza mwenzio 😅 ile sabuni ni ya nguo, ni kali, na huyu kashasema ngozi yake nyepesi kuungua. Mimi nilijaribu zamani, kichwa kikakakamaa kama ngoma na mba ikabaki palepale.

Nusu Dokta:
Mkuu pole. Kabla hatujakushauri soma nyuma ya chupa, dawa iliyomo ni ipi? Na ukipaka unaiacha kichwani dakika ngapi?

Kucha Fupi:
Imeandikwa zinki pirithioni 1%. Dakika?? Mi napaka, povu likija nasuuza, labda sekunde 20. Na nasugua kwa kucha, inawasha jamani, utamu wake mnaujua.

Nusu Dokta:
Haya, tumempata mchawi, tena wako watatu.

Kwanza hiyo mba inaletwa na fangasi mmoja anaitwa Malassezia, kila mtu anaye kichwani, chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kwako kuna mafuta mengi kwa hiyo anakula anashiba, mabaki ya mlo wake ndo yanachokoza ngozi inawasha na kubanduka. Sasa wewe ukaenda kumuongezea mafuta ya mimea, mengi ya hayo nayo anayala vizuri tu. Umemtandikia mkeka.

Pili, dawa ya sekunde 20 imeishia kwenye bomba. Shampuu ya dawa inapakwa kwenye ngozi, sio kwenye nywele, inaachwa dakika 3 mpaka 5 ndo unasuuza. Weka saa ya simu, maana ukiwa na povu kichwani dakika moja unaiona kama nusu saa.

Tatu kucha. Ukichubua ngozi alafu ukamwagia dawa hata maji yatakuunguza. Tumia vidole kwa nyama yake.

Ushauri wangu iache ngozi itulie kwanza, wiki hii osha na shampuu laini isiyo na manukato. Ikipoa jaribu shampuu ya ketokonazoli 2%, hiyo ni dawa ya fangasi, mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, alafu mara moja kila wiki moja au mbili ili isirudi. Siku nyingine tumia hiyo laini. Kila siku ya nini, ulikuwa unafua kapeti?

Dada Kitana:
Naongezea hapo kwenye manukato, mimi kilichokuwa kinaniunguza haikuwa dawa, ni harufu. Chupa ikinukia kama bustani na kichwa chako kinadeka, iogope. Chupa yoyote mpya pima kwanza tone dogo nyuma ya sikio lililo zima, subiri siku mbili. Na kondishna paka ncha za nywele tu.

Bado Nipo:
Mbona nasikia hiyo zinki Ulaya imepigwa marufuku??

Nusu Dokta:
Kweli, Umoja wa Ulaya waliitoa kwenye vipodozi 2022, hoja ilikuwa mambo ya uzazi kutokana na majaribio ya wanyama, nchi nyingine inaendelea kuuzwa. Ila kesi ya huyu bwana ni kucha zake.

Misuko Mitano:
Na sisi wa kusuka je? Siwezi kuosha mara mbili kwa wiki.

Dada Kitana:
Mara moja kwa wiki inatosha mdogo wangu, pitisha dawa kwenye mistari na uhesabu dakika zako. Ila ukiona nywele zinatoka kwa mabaka au magamba mazito meupe ya kung'aa kama fedha, hiyo sio mba ya kawaida, nenda kwa daktari wa ngozi. Na mtoto mwenye mapunye shampuu peke yake haimtoshi, anahitaji dawa ya kumeza.

Kucha Fupi:
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu sasa. Kucha nimekata. Ketokonazoli dakika 5 kwa saa ya simu, na mafuta nimeyagawa. Mwasho umeisha kama wiki iliyopita, kichwa bado kina mafuta ila nadhani ndo nilivyoumbwa. Leo nimevaa shati jeusi, jioni nimekagua mabega, vigamba vitatu tu. Shida iliyobaki ni nyusi, bado zinabanduka.

Nusu Dokta:
Povu hilohilo likiwa kichwani chukua kidogo upitishe kwenye nyusi na pembeni ya pua, suuza vizuri. Fumba macho lakini, usije ukafungua uzi mwingine.

Mzee wa Kazi:
Mimi bado nasema sabuni ya kipande.