Je, shule inamkuza mtoto mzima, au inamwandaa kwa mtihani tu?

Mzazi wa wawili (mwenye swali)

Habari zenu, wanajukwaa. Nina watoto wawili wanaosoma shule moja, na juzi nilipokea ripoti zao za mwisho wa muhula kwa pamoja. Nilizitandaza mezani, moja kando ya nyingine. Kila somo lina alama zake, wastani umekokotolewa hadi desimali moja, na nafasi ya mtoto darasani imeandikwa kwa wino mwekundu. Chini kabisa pana mstari mmoja wa "Mwenendo na vipaji", nao umejazwa maneno yaleyale katika ripoti zote mbili: "Anaridhisha, aongeze bidii." Yeyote aliyekaa na watoto hawa hata kwa siku moja angeshangaa, kwa kuwa mkubwa ni mkimya anayeshikilia jambo moja hadi alimalize, ilhali mdogo hawezi kuona wenzake wakigombana asiingie kati kuwaamua, na mara nyingi hurudi nyumbani na shati lisilo na vifungo kwa ajili hiyo.

Silalamikii alama. Ninachouliza ni hiki: shule ambazo hujitangaza kwamba zinakuza akili, mwili na maadili ya mtoto zinafanya nini hasa kuhusu hayo mawili ya mwisho? Na mzazi atajuaje kama yanafanyika, ikiwa kinachomfikia ni wastani tu?

Mwalimu wa darasa

Ndugu mzazi, hilo la "Anaridhisha, aongeze bidii" nimeliandika mimi pia mara nyingi, na naomba nieleze linavyotokea bila kujitetea sana. Fomu za darasa zima hujazwa katika siku mbili tatu za mwisho wa muhula, usahihishaji ukiwa haujakamilika, na kinachokaguliwa ni alama. Sijawahi kurudishiwa fomu kwa sababu sehemu ya mwenendo haikusema kitu.

Kuhusu ratiba, usiiamini ile iliyobandikwa ukutani. Kipindi cha michezo kimo, cha sanaa kimo, cha maktaba nacho kimo. Mtihani unapokaribia, mwalimu wa hisabati huja kuomba kipindi cha michezo "kwa leo tu", na kwa kuwa wastani wa somo lake ndio utakaosomwa mbele ya kikao cha walimu, anakubaliwa. Wiki inayofuata huomba wa sayansi, na baada ya hapo hakuna anayeomba tena, wanaingia tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya mwili yanayowapandisha pumzi. Katika majuma hayo ya mwisho, mazoezi ya wanafunzi wangu ni kutoka dawatini kwenda chooni na kurudi.

Donald Campbell, mwanasayansi ya jamii wa Marekani, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1970: kadiri kipimo kinavyotumiwa kuamulia mambo, ndivyo kinavyopotoshwa na kuharibu kazi ileile kilichowekwa kuipima, na mitihani ya shule ilikuwa miongoni mwa mifano yake. Mimi huliona mtoto anapouliza, "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nikisema hapana, anaweka kalamu chini.

Aliyebebwa na mtihani

Naomba kutofautiana na walionitangulia, japo kwa heshima. Nilizaliwa katika nyumba ambayo hakuna mwenye ofisi aliyeijua. Karatasi yangu ya mtihani ilikuwa na namba badala ya jina, aliyeisahihisha hakujua mimi ni mtoto wa nani, na namba hiyo ndiyo iliyonipatia nafasi ya sekondari. Siku shule zitakapoanza kuchagua watoto kwa "haiba" na "uongozi", tutaona ni watoto wa akina nani watakaokutwa na haiba: ni wale waliozoeshwa kuzungumza na wageni wa baba zao na wanaolipiwa mafunzo ya kuogelea na kinanda kila jioni. Mtoto anayerudi nyumbani kuchota maji na kulea mdogo wake ana uvumilivu na uwajibikaji kuwashinda, ila hana cheti cha kuonyesha.

Kukuza ni jambo moja na kupima ni jingine. Michezo irudishwe, sanaa ifundishwe, na huyo mwalimu wa hisabati azuiwe mlangoni. Lakini upole ukishapewa alama kati ya kumi, watoto watajifunza kuuigiza, na yale ya Campbell yatakuwa yameingia kwa mlango wa nyuma.

Mfuatiliaji wa mitaala

Hoja ya mchangiaji aliyetangulia ni nzito, hasa kuhusu mtihani kumlinda asiye na jina. Hata hivyo, mtoto wa nyumba kama aliyokulia ndiye anayepoteza zaidi shule inapojifunga kwenye alama, kwa sababu mwenzake hupata mengine nje ya shule.

Mfano unaonishughulisha ni mradi wa shule ya awali ya Perry, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, na kundi moja likapelekwa katika shule ambayo mtoto alipanga mwenyewe atakalofanya, akalifanya, kisha akakaa na wenzake kueleza lilivyokwenda. Alama zao za vipimo vya akili zilipanda, lakini baada ya miaka michache tofauti na kundi la pili ikafifia. Kama watathmini wangefunga daftari hapo, mradi ungehesabiwa kuwa umeshindwa. Waliendelea kuwafuatilia, na walipofika miaka 40, waliosoma shule ile walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya 2000, aliyachambua matokeo hayo na wenzake, wakahitimisha kuwa sehemu kubwa ya faida ilitokana na tabia na mwenendo, mambo ambayo kipimo cha akili hakiyagusi.

Ndugu mzazi, kuhusu karatasi zako mbili: Singapore, nchi isiyosifika kwa kudharau mitihani, ilitangaza mwaka 2018 kwamba kuanzia 2019 mitihani ingeondolewa katika madarasa mawili ya kwanza ya msingi, na kwamba ripoti zisingeonyesha tena nafasi ya mtoto darasani. Kwa hiyo fomu si msahafu, hubadilishwa. Unaweza pia kunukuu kifungu cha 29 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kinachotaka elimu ikuze haiba, vipaji na uwezo wa mtoto wa kiakili na wa kimwili hadi upeo wake, bila kutanguliza kimoja.

Mzazi wa wawili

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda kumwona mwalimu wa darasa la mdogo, nikamwomba aniambie lolote kuhusu mtoto ambalo halimo kwenye ripoti. Nilitegemea sentensi mbili. Alizungumza karibu nusu saa: kwamba mtoto hukaa karibu na mwenzake mwenye kigugumizi na kumsubiri amalize kusema, kwamba anaposhindwa mchezoni hukasirika kupita kiasi, na kwamba huchora pembezoni mwa kila daftari isipokuwa la hisabati. Kumbe shule inamjua. Ni fomu isiyoulizia.

Ndugu uliyebebwa na mtihani umenishawishi kuhusu alama za tabia, nami sitaziomba. Nitakachopendekeza kwenye kikao cha wazazi ni kwamba mstari ule wa chini uongezwe uwe mitano, ujazwe katikati ya muhula, kabla walimu hawajaelemewa, na usiwe na namba yoyote. La pili ni kuomba daftari la vipindi, ili tuone michezo ilifundishwa mara ngapi muhula uliopita. Hilo la pili nadhani ndilo litakalozua mjadala mkali.