Asian Civilisations Museum, Singapore: nina mchana mmoja, nianzie wapi?

KasiaMoja:
Wakuu, Jumanne nitakuwa Singapore, na nafasi yangu inaanza saa 8 mchana. Makumbusho yana ghorofa tatu. Kinachonivuta ni biashara ya baharini na vyombo vya kaure. Nianzie juu au chini? Na picha za vitu vilivyo nyuma ya kioo zinapigwaje zisijae taswira ya mpigaji?

Nanga_Kuu:
Chini, na usipande kabla ya saa 10. Biashara ya baharini iko ghorofa ya kwanza. Ya pili ni ya imani, ya tatu nguo, vito na vyombo vya kauri. Anayeanzia juu huifikia shehena ya Tang (mizigo ya meli ya enzi ya watawala wa Tang wa China) macho yameshachoka.

Meli iliyoibeba ilizama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ikagunduliwa 1998 na wazamiaji wa majongoo bahari. Vilitolewa vyombo zaidi ya 60,000, vingi mno vikiwa bakuli za Changsha, za tanuri za China. Ukijaribu kuzitazama zote hutaona hata moja. Chagua moja tu: ukingoni ina mabaka manne ya kahawia, ndani mchoro wa kahawia itokanayo na chuma na kijani itokanayo na shaba. Kisha tafuta mitungi mikubwa. Bakuli zilipangwa humo kwa kuzungushwa, zaidi ya 100 kwa mtungi, ndiyo maana nyingi zilitoka nzima. Bakuli moja imechongwa tarehe inayolingana na mwaka 826.

Mshona_Mbao:
Naongezea: watu hukimbilia kikombe cha dhahabu cha shehena hiyo wakazipita sahani tatu nyeupe zenye michoro ya buluu ya kobalti. Ni miongoni mwa vyombo kamili vya kale zaidi vya Kichina vya aina hiyo vinavyojulikana.

Soma pia habari za meli yenyewe. Haikuwa ya Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama mtepe, na baadhi ni za Afzelia, jenasi moja na mbambakofi. Uopoaji ulifanywa kibiashara, jambo lililowaudhi wanaakiolojia wengi. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilifuta maonyesho yake ya shehena hiyo 2011.

LenziChafu:
Picha: zima flashi, vaa nguo nyeusi (shati jeupe ndilo linaloonekana kwenye kioo), sogeza simu karibu kabisa bila kugusa, uinamishe kidogo. Gusa chombo kwenye skrini kisha punguza mwanga, la sivyo sehemu inayong'aa itageuka doa jeupe. Kwenye maonyesho ya nguo mwanga hufifishwa makusudi, kwa kawaida lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu rangi za kitambaa hupauka. Subiri dakika tano macho yazoee.

Nanga_Kuu:
Ukiweza, hamishia Ijumaa. Siku hiyo hufungwa saa 3 usiku; siku nyingine ni saa 1 jioni.