Naombeni ushauri: wanakikoba wamenisema mbele ya wote, na Jumamosi nakaa nao tena

MamaSanduku:
Habari za leo wapendwa. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba, mwaka wa tatu sasa. Tuko wanawake 30, vikundi vidogo sita vya watu watano watano wanaodhaminiana mikopo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanachama watatu. Mimi sina hata mmoja. Nalisema hili mapema mjue hakuna hela iliyopotea.

Jumamosi iliyopita tulinunua hisa, hela zikahesabiwa kwenye bakuli kila mtu akiona, nikauliza kama kuna mengineyo. Akasimama dada mmoja mkimya sana, tangu tuanze sijamsikia akilalamika. Akasema: "Mwenyekiti, sisi tukichelewa kikao tunatozwa faini papo hapo. Wifi yako ana wiki tatu hajaleta rejesho na hakuna anayemuuliza." Mwingine akadakia kwamba mimi sishauriki, mtu hajamaliza kusema nimeshamjibu. Wengine wakapiga makofi. Mikono ilinitetemeka. Nikafunga daftari, nikawaambia asiyeridhika atafute kikoba kingine, nikaondoka kikao hakijafungwa.

Tangu siku hiyo usingizi sina. Kikundi hiki nimekilea hata nilipokuwa nauguza mtoto. Ni kweli wifi kachelewa, mumewe amelazwa, nikamwambia atulie kwanza. Kuna wanaonishauri nijiuzulu, wengine wanasema nimtafute aliyewachochea. Nifanyeje?

Bint_Pwani:
Pole sana dada. Kujiuzulu sasa hivi hapana, watasema umekimbia hesabu.

MtunzaUfunguo:
Shikamoo dada. Nimekuwa mweka hazina miaka minne, naomba nikuulize kitu kimoja kabla ya yote. Huyo dada mkimya yuko kwenye watano gani?

MamaSanduku:
Marahaba mdogo wangu. Yuko watano wa wifi.

MtunzaUfunguo:
Basi hapo hakuna mchochezi dada yangu. Wifi asipolipa, hao wanne ndio wanaobanwa, hisa zao zimesimama dhamana. Huyo mama kakaa wiki tatu anahesabu hela yake ikiyeyuka, na mtu wa kumlalamikia ni wifi wa mdaiwa. Fikiria alivyojikaza hadi akasimama.

Kuhusu wifi, fungua katiba yenu msome pamoja kipengele cha kuchelewesha rejesho. Kama ni faini, alipe. Kuuguliwa na mume ni shida ya kweli, na mfuko wa jamii upo kwa ajili hiyo hiyo: lileteni kikaoni, wanachama wapitishe msaada. Ulimwonea huruma, sawa, ila hela ni ya watu 30 na wewe uliamua peke yako.

La kutosikiliza ni lako. Hilo usilijibu kabisa, liache likae. Mimi mtu akinisema huwa naandika maneno yake kwenye daftari kama alivyoyatamka, kisha namsomea nimuulize kama nimempata. Mkono ukiwa unaandika, mdomo unatulia.

Kaka_wa_Kata:
Mie nina wasiwasi na hili la kujishusha mbele ya wote, kuna watu watakupanda kichwani. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasuluhishe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinasajiliwa, na katiba yenu lazima iko halmashauri.

MtunzaUfunguo:
Kaka, afisa aje wakishindwana. Akianza yeye, yule dada ataona ameshtakiwa kwa kusema.

Bibi Mwalimu:
Mwanangu, nimeongoza shule miaka mingi. Walimu walioninung'unikia usoni ndio niliodumu nao. Nilioumia nao ni wale walionyamaza wakaomba uhamisho. Nenda kwa huyo mama kabla ya Jumamosi, usiende na wifi, wala usiende kujitetea.

MamaSanduku (mrejesho):
Asanteni jamani. Nilienda Ijumaa jioni. Alikuwa anachambua mchele, akanipa kigoda, nami nikachukua ungo upande wa pili. Nikamwomba radhi. Akaniambia hela ile ni ada ya mwanawe ya Januari. Sikujua, na nilipaswa kujua.

Jumamosi tulianza na mengineyo kabla ya hisa. Nilisoma kipengele, wifi akatoa faini, na wanachama wenyewe wakapitisha msaada wa mfuko wa jamii kwa ajili ya mgonjwa. Kisha nikamwambia katibu aendelee kusoma: kuondoka kikaoni bila ruhusa, shilingi 2,000. Nikaiweka kwenye bakuli, akaandika jina langu.

Kumkatiza mtu nimemkatiza mara mbili, daftari ninalo mkononi. Na yule aliyesema sishauriki hakuja, simu hapokei. Kesho naenda kwake.

MtunzaUfunguo:
Nenda asubuhi dada, kabla hajaenda sokoni.