Metronomu inaua ladha? Wapigaji wa kwaya yangu wamegoma

Mwl_Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza. Kwaya ya kawaida tu: waimbaji thelathini na kitu, kinanda kimoja, gitaa la solo, besi na drams. Tunajiandaa kuingia studio, na fundi ametuambia mapema kwamba kila wimbo utarekodiwa kwa kliki, yaani mlio wa metronomu unaogonga mapigo kwa kasi moja. Drams na besi wanatangulia, waimbaji wanafuata siku nyingine, kwa hiyo tusifike pale hatujazoea metronomu.

Nikapakua programu ya bure kwenye simu, nikaiunganisha na spika, tukaanza na wimbo wetu mkubwa, ule wa mwendo wa kiasili ambao hata wazee wa kanisa huwa wanashindwa kukaa. Nikiuhesabu naona unakuja tatu, kwa hiyo nikaweka 3/4, nikapandisha na kushusha hadi ikalingana na kasi yetu. Ikatulia kliki 108 kwa dakika. Vita ikaanza hapo hapo. Mpiga drams anasema mashine inamvuta. Mpiga besi anasema inaua ladha. Waimbaji wakaingia na makofi, makofi yakawa na njia yake na kliki njia yake. Mwisho kijana wa drams akaweka vijiti chini: "Mwalimu, wazee walipiga bila haya makorokoro na nyimbo zao tunazisikiliza mpaka leo."

Sikuwa na la kumjibu. Lakini nina mazoezi niliyorekodi kwa simu bila kliki, na ukweli ni kwamba tunaanza kwa heshima, tunamaliza mbio. Ndiyo nauliza: kuna muziki ambao metronomu haiufai? Au wanangu hawa wananikwepa?

Kinanda_Moro

Tafuta mpiga drams mwingine mkuu 😂 Natania. Angalia kinanda chako, vingi vina kitufe cha metronomu. Hata ukiweka mdundo wa ndani ya kinanda badala ya tik tik, vijana wanauzoea haraka kuliko simu.

BesiLaZamani

Mwalimu, wanao hawakukwepi. Ugomvi wote uko kwenye hiyo 108.

Wimbo wa namna unayoieleza una mapigo madogo sita katika kila mzunguko. Sita hiyo unaweza kuikata mafungu matatu ya mbili mbili, au mafungu mawili ya tatu tatu. Wewe umeikata mafungu matatu, ukaipa simu. Mguu wa mpiga drams umeikata mawili, na makofi ya waimbaji vilevile. Matokeo yake kliki ya kwanza inakutana na mguu wake, nyingine mbili zinapita pembeni. Zipo ngoma nyingi za kwetu zinazobeba tatu na mbili kwa wakati mmoja, na utamu wake ni huo huo. Ila mtu anayejifunza kusimama na kliki hawezi kuanzia hapo.

Fanya hesabu. Kliki 108 kwa dakika, tatu kila mzunguko, ni mizunguko 36. Mizunguko 36 yenye makanyagio mawili ni 72. Weka 72, na ile sauti ya kengele ya pigo la kwanza izime kabisa. Kasi ya wimbo haibadiliki hata chembe, kinachobadilika ni mahali kliki inapoangukia. Ukichagua 6/8 kwenye programu, angalia: nyingi zitakupa kliki zote sita, na hapo namba itakuwa 216. Usiogope.

Sasa hilo la wazee. Nimepiga besi kwenye dansi hapa Dar miaka mingi, na kijana wako anasema kweli, ila kweli yenyewe kaifikisha nusu. Enzi za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima iliingia studio ikapiga kwa pamoja, kliki hakuna. Lakini saa ilikuwepo. Ilikuwa ni mpiga tumba na gitaa la ridhimu. Mtu wa ridhimu anarudia kifungu kile kile kuanzia ubeti wa kwanza, hana pa kujificha, akikimbia kidogo tu solo anamgeukia. Na watu hao walikuwa jukwaani karibu kila wiki hadi usiku wa manane. Vijana wako wanakutana Jumamosi jioni, nusu ya muda imeisha kwa matangazo. Unategemea wapate wapi saa ya namna hiyo?

Halafu kuna kupanda kwa makubaliano. Dansi ikifika kwenye chemko, mwendo unaweza kupanda na kila mtu anajua unapandia wapi. Hiyo si kukimbia. Kama wimbo wenu una sehemu ya namna hiyo, mwambie fundi aitengeneze kliki yenyewe ipande kuanzia pale. Programu za kurekodia zinafanya hivyo, na fundi akikwambia haiwezekani, basi ni uvivu.

Mazoezi ningeyafanya hivi. Kwanza chukua ile rekodi ya simu, tafuta programu ambayo unagonga kioo kwa kidole nayo inakuambia kasi. Gonga mwanzo wa wimbo, gonga kiitikio cha kwanza, gonga mwisho. Utaona mahali mnaporukia. Mara nyingi ni pale drams anapozungusha mapambo ya kuvukia kiitikio: anataka kuingiza vitu vingi, anaogopa kuchelewa, anafika mapema, na kwaya nzima inamfuata bila kujua. Ukishapajua hapo, huna haja ya kuwachosha watu kwa wimbo mzima. Chukua mizunguko miwili kabla na miwili baada, irudieni hiyo tu.

Pili, toa spika. Drams zikianza kliki inamezwa, na anayeisikia nusu nusu anayumba kuliko asiyeisikia kabisa. Mpe mpiga drams peke yake visikilizio vya waya. Besi amfuate drams, wengine wote wamfuate besi (ndiyo, najipendelea).

Tatu, shukeni hadi 60 kwanza. Watadhani unawadharau, na watashindwa. Taratibu ndiko kugumu, maana nafasi kati ya kliki na kliki ni kubwa na kila mtu anataka kuijaza. Wahesabu mapigo madogo kwa mdomo, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mikono ikipiga kawaida. Ikitulia, pandeni kwa ngazi za metronomu za zamani: 60, 63, 66, 69, 72. Msiishie hapo, nendeni hadi 76 na 80, halafu rudini 72. Itakuwa kama mmekaa kitini.

Nne, na hapa ndipo ladha inaporudi: punguza kliki. Weka 36, yaani kliki moja tu kwa mzunguko. Mashine za mbao huanzia 40, lakini programu nyingi za simu zinashuka huko. Sasa mashine haiwaongozi tena, inawakagua tu. Wakiweza, waambie waichukulie hiyo kliki kuwa ni kanyagio la pili, si la kwanza. Kijana akiweza kupiga hivyo wimbo mzima bila kupotea, sidhani kama atakuambia tena habari ya ladha.

FidlaYaUnguja

Assalaam aleykum. Mie napiga fidla kwenye taarabu, na nataka kujibu lile swali lenyewe, maana mzee Besi kalipitia mbali: ndiyo, upo muziki usiotaka metronomu. Taksimu, ule upigaji wa mtu mmoja anayebuni papo hapo, haina mapigo. Mpiga ganuni au udi anapofungua nyimbo kwa taksimu, anavuta pumzi zake mwenyewe, na sie tunamngoja. Ukimwekea kliki pale umemuonea.

Lakini taksimu ikikatika na ngoma ya dumbak ikaingia na mdundo wa wahda, hapo hakuna msamaha, na mwenye kushika saa ni rika, kile kitari chenye njuga. Mie nikifanya mazoezi peke yangu nyumbani naiwekea wahda kliki moja tu kwa kila mzunguko, pale pa "dum" kubwa, lile pigo zito la ngoma. Zikiwa nne, upinde wangu unakuwa mkavu, kila noti inakwenda kugonga kliki. Ikiwa moja, najua pa kufikia, na katikati najizungushia nitakavyo. Pengine mpiga besi wako alikuwa akilalamikia hilo.

Mwl_Nyakato

Mzee Besi, shikamoo. Jumamosi nimeweka 72, nikampa visikilizio, sikusema neno. Kapiga ubeti na kiitikio, akatoa sikio moja akauliza, "Umeirekebisha?" Nikamwambia hapana, ni ile ile. Bado kwenye mapambo anafika mapema, lakini sasa anajisikia mwenyewe. Dada wa Unguja, ahsante, mpiga besi nimemsomea ujumbe wako akacheka.

Mawili yamebaki. La kwanza, mwisho wa wimbo tunaingia pambio la 4/4 la haraka. Kliki naifanyaje? La pili, ofisini kwa mchungaji tumeikuta metronomu ya mbao, ile ya kufunga kwa ufunguo. Inatembea lakini inachechemea: tik, tok inachelewa, tik, tok inachelewa. Imekufa?

BesiLaZamani

Marahaba mwalimu.

Haijafa. Iko kwenye meza iliyoinama. Ule mkono ni pendulamu, ukiuweka pasipo usawa upande mmoja unakuwa mfupi kuliko mwingine. Kunja karatasi, sukumia chini ya mguu mmoja mmoja huku unasikiliza, hadi tik na tok zilingane. Na fungeni spring kila mnapoanza mazoezi, isije ikawafia katikati ya ubeti. Fundi mmoja Mjerumani, Mälzel, aliichukulia hataza Paris mwaka 1815, ingawa kazi kubwa ilikuwa ya fundi mwingine, Winkel wa Amsterdam, na mpaka leo ikikaa sawa inafanya kazi bila betri wala bando.

Pambio: usiiguse kliki. Iache 72. Kwenye wimbo kila kliki ilikuwa inabeba tatu ndogo, kwenye pambio kila kliki ibebe mbili kubwa. Yaani kasi ya pambio ni 144, na kliki inaangukia pigo la kwanza na la tatu. Mzunguko wa mwisho kabla ya kuvuka, drams aache kupiga mapambo kabisa. Apige mguu tu, mara mbili pamoja na kliki, na wewe uwahesabie kwa sauti "moja, mbili, tatu, nne" kwa mwendo mpya juu ya hizo kliki mbili. Wakivuka wakafika pamoja, ndipo umrudishie mapambo yake, na aanze na madogo.