Kisima cha kalavati au cha mashine? Naombeni ushauri kabla sijalipa

Kiwanja_Kipya:
Wakuu habari zenu. Nimeanza ujenzi na maji ya kununua yananimaliza. Nimepata mafundi wawili. Mmoja anachimba kwa mkono na kushusha kalavati, zile pete za zege, mwingine ana mashine na anadai kwa mita. Wa mashine ananihimiza nijibu kabla wiki haijaisha kwa sababu mashine iko kazini hapa jirani, ikishaondoka itabidi nigharamie kuirudisha. Tofauti ya bei ni kama mbingu na ardhi. Mngekuwa nyie mngechukua kipi?

MzeeWaKalavati:
Kalavati, wala usijiulize. Umeme ukikatika unachota kwa kamba na ndoo. Kikipungua kiangazi unamwita fundi anaongeza kina. Hilo tundu la mashine pampu ikifa unabaki kulichungulia tu.

Mpima_Chini:
Mkuu Kiwanja, umeuliza bei hujaeleza ardhi. Ni mchanga, mfinyanzi au mwamba? Visima vya majirani vina kina gani? Uko karibu na bahari? Choo kiko wapi? Watu wangapi, na kuna mifugo au bustani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kiwanja_Kipya:
Udongo mwekundu kwa juu, chini sijui. Bahari iko mbali. Jirani ana kisima na anasema maji yapo. Familia ya kawaida tu.

Mpima_Chini:
"Maji yapo" si kipimo. Mwombe jirani ruhusa, funga kijiwe kwenye kamba, shusha hadi kitako alfajiri kabla hajavuta maji, weka fundo pale kamba ilipolowa. Rudia akiwa amewasha pampu kwa muda mrefu. Umbali kati ya mafundo mawili ndio ushuhuda wako. Ukiwa mdogo, kisima chake kinajazwa haraka. Ukiwa mkubwa, kinakamuliwa.

Udongo mwekundu mara nyingi umekalia mwamba uliooza, na chini ya huo mwamba mgumu. Maji hukaa kwenye sehemu iliyooza na kwenye nyufa za ule mgumu. Mchimbaji wa mkono anaishia pale sururu inapogoma. Mashine inapita, lakini ikikosa ufa unalipia vumbi kwa mita ileile. Ndiyo maana viwanja viwili vinavyopakana, mmoja anafurika na mwenzake anatoka kapa.

Kijiti_Asilia:
Kwetu tunamwita mzee mwenye kijiti cha panda. Kikiinama, chimba. Hajawahi kukosea.

Jiwe_Gumu:
Hajawahi kukosea kwa sababu maeneo mengi ukichimba vya kutosha utakutana na maji. Swali ni mangapi na kwa kina gani, na hilo kijiti hakisemi.

Kijiti_Asilia:
Na wale wapimaji wa vyuma na nyaya mbona nao wanakosea?

Mpima_Chini:
Wanakosea, ndiyo. Kile kifaa kinapitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia. Hakioni maji. Kinakuonyesha wapi mwamba umeoza kwa kina zaidi, basi. Mfinyanzi uliolowa unaweza kumdanganya mpimaji asiyelijua eneo. Hata hivyo kupima ni nafuu kuliko kutoboa shimo kavu.

Mama_Tangi:
Mimi niseme ya mashine, maana naona watu wanaisifia. Alikuja jamaa na lori, kazi ikaisha upesi. Jioni akawasha kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, maji yakaruka juu kuliko paa, majirani wakapiga vigelegele. Akajaza ndoo mbili tatu huku anatazama saa, akaniambia mama hapa hutalia tena. Nikamlipa chake, akaondoka.

Pampu ikafungwa. Mwanzoni raha tupu. Kisha nikaanza kuona ndoo ikitulia inaacha utando wa mchanga laini chini, ule ukiusugua kwa vidole unahisi kama unga wa msasa. Jamaa kumpigia, ananiambia kisima kinajisafisha, vuta tu. Nikavuta. Mchanga haukuisha, maji yakawa yanakatika kila baada ya muda mfupi, mwisho pampu ikanguruma na kunyamaza. Fundi mwingine alipokuja kuitoa ilikuwa imebanwa na mchanga. Walipofanikiwa kuivuta, ilitoka na kipande cha lile bomba linaloshikilia kuta za kisima. Bomba la maji machafu, lenye ukuta mwembamba! Limekatwa kwa msumeno wa mkono, nyufa zingine pana kidole kinapenya, na hakuna changarawe nje yake. Kisima kikajifukia chenyewe. Jamaa hapokei simu hadi leo.

Jiwe_Gumu:
Pole sana mama. Yule hakuwa mchimbaji, alikuwa mtoboaji. Bomba la kisima lina ukuta mnene, na matundu ya kiwandani hukaa mkabala na tabaka la maji tu, si kuanzia juu hadi chini. Changarawe safi hujazwa nje, na mita kadhaa za juu huzibwa kwa saruji ili maji ya mvua yasiteremke na uchafu.

Mpima_Chini:
Na ile kompresa ni kiini macho ukiitegemea peke yake. Tundu la inchi 6 linabeba takriban lita 18 kwa kila mita. Likiwa na mita 40 za maji, hiyo ni zaidi ya lita 700 zilizokuwa zimelala tu. Unarusha akiba, unadhani ni mto. Dai kisima kivutwe kwa pampu saa nyingi mfululizo, kina kiandikwe, kisha wapime kinarudi kwa kasi gani.

MzeeWaKalavati:
Si nilisema? Kalavati ni pana, ndani kuna akiba ya kutosha, na mchanga ukiingia mtu anateremka kuzoa.

Jiwe_Gumu:
Anateremka na hewa je? Mzee wangu, watu wamefia humo. Na kamwe usishushe pampu ya petroli ndani ya kisima. Moshi wake unaua kabla hujapiga kelele.

Mama_Tangi:
Na ladha? Shemeji yangu ana maji mengi ajabu lakini yakikaa kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu.

Mpima_Chini:
Hiyo ni chuma. Inaudhi, inachafua nguo, ila angalau unaiona. Madini ya floraidi huyaoni wala huyaonji, na maeneo ya volkano kama Bonde la Ufa yanaharibu sana meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kunaikoleza, kwa kuwa maji yanaondoka kama mvuke, floraidi inabaki.

Kijiti_Asilia:
Babu zetu walikunywa na hawakupima.

Jiwe_Gumu:
Umewaangalia meno?

Kiwanja_Kipya:
Asanteni wote. Nilisahau kutaja, shimo la choo lilishachimbwa, liko upande wa juu wa kiwanja. Kisima nilitaka kikae karibu na jiko, kama hatua ishirini chini yake. Tena kuna mpango wa kufuga kuku, kama mia tano.

Mpima_Chini:
Hilo ndilo la kuanza nalo bwana! Miongozo mingi inataka mita 30 kutoka chooni, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu angalau. Maji ya juujuu mara nyingi hufuata mteremko, yatapita chooni kwanza. Hapo kalavati siiungi mkono.

MzeeWaKalavati:
Ahamishe kisima, kiwanja kina pembe nne.

Jiwe_Gumu:
Au ahamishe choo, kama bado hakijatumika.

Mama_Tangi:
Kama ni mashine, mkataba uandikwe: unene wa bomba, changarawe, saruji, muda wa kuvuta. Na shimo likitoka kavu analipwa nini.

Jiwe_Gumu:
Lori lenyewe litaingia? Geti lako lina upana gani, na juu hakuna nyaya za umeme?

Kiwanja_Kipya:
Nyaya zinapita upande wa barabara. Geti sijalipima. Jamaa wa mashine kanipigia tena sasa hivi, anataka nusu ya malipo.

Paneli_Mbili:
Samahani kwa kuingilia, kuna aliyefunga pampu ya sola kwenye kisima cha kalavati? Yangu inavuta vizuri mchana ila ikifika saa kumi inakata.

MzeeWaKalavati:
Paneli zimeelekea wapi?