Mmeniuzia cherehani ya jinzi nishonee shifoni, halafu mnasema sijui kushona

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwanza niseme. Nimelishikilia hili tangu Jumatano na nisipolitoa nitapasuka.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa 11, kibanda kiko Tandika. Nashona za kike tu: magauni, blauzi, madera, pindo za mitandio. Ndivyo nilivyomwambia muuzaji wa Kariakoo mwezi uliopita, kwa mdomo wangu, mdogo wangu akiwa pembeni anasikia. Nilitoa mpaka kipande cha shifoni mkobani nikakiweka juu ya kaunta. Akakishika, akakipuliza kikapepea, akacheka: "Dada, hii inashona chochote, mpaka turubai." Pale pale nilitakiwa niondoke. Mashine inayojisifu kwa turubai mimi ya nini? Lakini nilikuwa na oda ya sendofu, magauni sita, na cherehani yangu ya miguu imezeeka. Nikahesabu laki nane na nusu. Kunijaribishia akanijaribishia, ila kwenye kaki iliyokunjwa mara nne! Shifoni yangu akanirudishia mkononi.

Nimefika kibandani, mshono wa kwanza umetoka kama mdomo wa mtu aliyelamba ukwaju. Upande mmoja umejikunyata, mwingine umelala. Nikapiga pasi, ukanyooka dakika mbili ukarudi vile vile.

Nikampigia. "Legeza tensheni," yaani mkazo wa uzi. Nikalegeza. Nikapiga tena. "Legeza zaidi." Nikalegeza mpaka uzi wa juu ukawa unaning'inia chini vitanzi vitanzi, na kitambaa bado kimekunjamana. Siku ya tatu wakanitumia kijana wao, nauli juu yangu elfu ishirini. Naye kafika na bisibisi, kazungusha kile kile kitufe cha tensheni, kasema kitambaa changu ni cha bei rahisi, kaondoka. Hakuchomoa sindano hata kuisoma namba. Ningejua, na ile elfu ishirini ningenunulia samaki.

Sindano nilichomoa mwenyewe: namba 16. Kumi na sita kwenye shifoni, wakuu! Ile ni ya jinzi. Nikaweka namba 9, nikatoa uzi mnene nikaweka mwembamba, nikapunguza urefu wa mshono ukafika milimita 2, nikalegeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu, kile chuma kinachobana kitambaa kwa juu. Kikopo cha bobini nikakining'iniza kwa uzi wake nikakitikisa, kikashuka kidogo kidogo kama inavyotakiwa, kwa hiyo mkazo wa uzi wa chini haukuwa na tatizo. Matundu makubwa ya sindano yakaisha. Mikunjo ikapungua lakini haikuondoka, na sasa ikaongezeka balaa jingine: inaruka mishono. Ndoano ya chini imepangwa kwa sindano nene, ukiweka nyembamba inabaki mbali nayo, haiukamati uzi. Hilo nalo kijana wa bisibisi hakuligusa.

Usiku huo nikafanya kitu ambacho yeye angekifanya kwa dakika moja kama angekuwa fundi kweli. Nikatoa uzi wote, juu na chini, nikapitisha vipande viwili vya shifoni vilivyolaliana, sindano ikiwa tupu. Kitambaa kikajikunyata vile vile! Sasa niambieni, tensheni ya uzi gani inayokunja kitambaa wakati uzi haupo?

Jaribio la pili ni lile mnalolijua wengi. Chukua mshono uliokunjamana, kata uzi kila baada ya sentimita chache. Kikitanuka kikalala, uzi ulikuwa umekaza. Changu kilitanuka kidogo tu, kwingine kikabaki na alama za meno, yale ya chini yanayosukuma kitambaa, zimejipanga kama njia ya siafu.

Ndipo nikafungua kile kisahani cha chuma sindano inapopita. Tundu lake zinaingia sindano zangu mbili kwa pamoja. Shifoni haina pa kuegemea pale, sindano ikishuka inaizamisha tunduni kwanza ndipo iitoboe. Na meno ya chini ni makubwa, yameachana, yananyanyuka juu kama yanataka kuuma. Yanakivuta kitambaa cha chini huku cha juu kimekandamizwa na mguu kinachelewa. Kwenye jinzi huoni kitu, ila shifoni inakuumbua. Nikageuka kusoma kibandiko cha modeli: namba, na mwisho wake herufi H. Kwa cherehani nyingi za aina hii H ni ya vitambaa vizito. Muuzaji anaziuza kila siku, asijue?

Kwa wale mtakaoniambia ni mikono yangu: magauni yote sita nimeyafumua nikayamalizia kwenye ile kongwe ya miguu, sindano 9, chini naweka karatasi laini ya kuchorea patani, nikimaliza naichana. Mshono umelala kama maji. Kitambaa ni kile kile, uzi ule ule, mikono hii hii. Ila nimekesha siku mbili, na mama wa binti alikuja kujaribisha kabla sijamaliza kufumua, akashika ubavu wa gauni akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii imekunjwa au ndiyo mtindo?" Sijawahi kuona aibu vile tangu nianze kazi hii.

Jumatano nikairudisha. Gari la kubebea, langu. Jibu: "Mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti." Nikamwonesha H, nikamwonesha tundu. Akasema ninunue kwake meno madogo, kisahani chenye tundu dogo na mguu wake, halafu nilipie fundi aisogeze ndoano. Yaani niongeze hela ili nipate kile nilichokilipia!

Nimeulizia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na ndiyo biashara yake, basi hicho kitu kinatakiwa kiifae hiyo kazi. Mimi nilimwekea na kitambaa mezani. Huo mstari wa risiti sidhani kama unamkinga.

Na nyie mafundi wenzangu mnaojibu "legeza tensheni" kila mtu akiuliza kuhusu mikunjo, hamjambo? Mbona hamwulizi sindano namba ngapi, meno gani, wala kitambaa kimekatwa vipi? Mshono unaofuata urefu wa kitambaa hukunjamana kuliko uliokatwa mshazari, hilo hata mwanafunzi wangu wa miezi mitatu analijua.

Jumatatu narudi Kariakoo na kipande cha shifoni, kipande cha kaki na mdogo wangu. Nataka seti ya meno madogo ifungwe bure na ndoano ipangwe mbele yangu, na majaribio yafanyike kwenye shifoni. Wakigoma naenda Tume ya Ushindani. Kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko pale, anieleze wanataka karatasi gani. Risiti ninayo, kibandiko nimekipiga picha.

Jina la duka msiniulize hapa, sitaki kesi nyingine.